Mkanda wa Kumi na Nne

Makopo ya filamu yalirudi Tunduma mwezi wa Agosti, mwaka 1953, baada ya kusafishwa ng'ambo. Bwana Pelham, mpiga picha, alimkabidhi karani wake Nikodemo Sichone masanduku mawili ya mbao na kumwambia ana siku tano tu.

Nikodemo alikuwa amefundisha shule ya misheni kule Msangano kabla ya kuchukuliwa kazi hii. Alichukuliwa kwa sababu alijua Kinamwanga cha kwao, Kindali cha wakwe zake, na Kiingereza cha kutosha. Filamu ilihusu maji safi. Watakaoikata na kuiunganisha walikuwa mbali, hawakuijua Ileje wala Msangano, na bila karatasi zake wangeweza kuchukua chemchemi ya mlimani na kuiweka katika kijiji cha bondeni. Kwa hiyo ilimpasa atazame kila mkanda, aulinganishe na daftari lake la siku ya kupiga picha, aandike mahali, watu na kinachofanyika, kisha agawe vipande: vinavyofaa, vya mashaka, vya kutupwa.

Alitazamia katika kijisanduku chenye kioo kidogo mfano wa kiberiti na kishikio cha kuzungusha kwa mkono. Taa yake iliwaka kwa betri ya lori, waya ukipita dirishani, na madirisha mengine yalizibwa kwa mablanketi. Mchana kutwa Nikodemo alikaa gizani humo na joto lake.

Siku ya pili akafika mkanda wa kumi na nne. Walikuja wanawake wa Ileje na madebe yao, mmoja mmoja, wakiinama chemchemini. Wa nne alikuwa Tusekile, mke wake, aliyefuatana naye kwao siku ile ya kupiga picha.

Nikodemo aliachia kishikio. Walikuwa wamemzika mwezi wa Juni. Homa ya mapafu ilimshika siku nne tu, ya tano hakuiona.

Alizungusha tena. Tusekile alijitwisha debe, akaja akitazama chini kama alivyoagizwa. Halafu akainua uso, akatazama moja kwa moja kwenye jicho la kamera, akacheka, akasema neno. Picha ikakatika.

Akafungua daftari. Katika mkanda ule aliandika maneno ya kila mtu, hata ya bibi mmoja aliyelalamikia mgongo. Penye Tusekile aliona mwandiko wake mwenyewe: "Mwanamke, chemchemi, mara ya pili. Haifai. Ametazama." Hakuandika alichosema. Alikuwa mkewe, angemsikia jioni.

Agizo lilikuwa wazi: kipande chochote ambacho mtu ametazama kamera kinatupwa. Nikodemo alikaa na kile kipande mkononi muda mrefu, kisha akakiweka kwenye vinavyofaa. Jioni Bwana Pelham alipitia kazi yake, akakitoa, akakihamisha kwenye vya kutupwa, kama mtu anayeondoa jiwe kwenye mchele.

"Bwana," Nikodemo alisema, "huyu ni mke wangu aliyefariki. Hiki kipande kitatupwa. Ninaomba nibaki nacho."

Bwana Pelham alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba filamu nzima imepimwa kwa futi, nzuri na mbaya, na lazima zirudi zote ng'ambo. Za kutupwa zitateketezwa huko huko.

"Si mali yangu, Nikodemo. Ingekuwa yangu ungekuwa nayo sasa hivi. Nimesikitika sana."

Siku ile ile Nikodemo alikuwa amemweleza mzee mmoja wa kanisa alichokiona, na maneno yakapanda milima yakiwa yamekwisha kuwa mengine. Asubuhi ya siku ya tano, masanduku yakiwa karibu kufungwa, Tupokigwe, mama yake Tusekile, alifika mlangoni. Alikuwa ametembea tangu jana alfajiri, miguu myeupe kwa vumbi.

"Nimeambiwa mwanangu yumo humu," alisema.

"Ni picha yake tu, mama."

"Nimeambiwa anatembea."

"Anatembea."

"Basi nioneshe."

Zebedayo, dereva, alikuwa amekwisha fungua boneti ili achomoe waya wa betri. Alimtazama yule mama, akamtazama Nikodemo. "Fanya upesi, karani. Leo lazima niwe Mbeya kabla ya giza."

Nikodemo aliupachika mkanda ulioungwa kwa vipande vya kutupwa, cha Tusekile kikiwamo. Kioo kilikuwa kidogo, anayetazama na anayezungusha lazima wagusane mabega, na mkwe habanani na mkwewe. Ikabidi amwoneshe kishikio kwa mbali, kisha arudi nyuma mpaka ukutani. Tupokigwe akainama peke yake.

Alizungusha kwa kasi mno. "Wamepita kama kuku!" alisema kwa hofu. Akapunguza. Nikodemo alijua wamefika wapi kwa jinsi mkono wake ulivyosita.

"Huyu hapa," alinong'ona. "Na khanga yangu amevaa."

Kisha akakirudisha kishikio kinyume, bila kujua, na Tusekile akaanza kwenda kinyumenyume, akishuka kuelekea majini. Mama akaguta. "Anarudi! Nikodemo, mbona anarudi?"

"Zungusha mbele, mama. Mbele."

Akazungusha mbele. Akarudia mara tatu, mara nne. Nje lori liliguruma kidogo na taa ikatikisika.

"Anacheka nini?"

"Ananicheka mimi," Nikodemo alijibu. "Nilisimama kando ya kamera nikamwita 'mama, usitazame huku', kama mgeni. Ndiyo akacheka."

"Na anasema nini?"

Nikodemo alilifungua daftari penye mkanda wa kumi na nne.

"Baba, wewe ndiye mwandishi. Soma."

Alikuwa na daftari mkononi. Angeweza kusoma lolote, mama asingejua. "Sikuandika, mama. Na sikumbuki."

Tupokigwe hakumlaumu, na hilo lilimchoma kuliko lawama. Aliinuka, akatoka hadi kwa Bwana Pelham aliyekuwa akihesabu makopo, akapiga magoti, akasema Kindali. Nikodemo ikamlazimu atafsiri.

"Anasema ametoa mabinti watatu kwa udongo, na huyu tu ndiye aliyemwona tena. Anaomba apewe."

Bwana Pelham aliangalia chini. Akatoa jibu lile lile, kwa sauti ya chini zaidi, na Nikodemo akalitafsiri pia, kila neno, akijisikia kama yeye ndiye anayemnyima mama yule.

"Mwambie ainuke," Bwana Pelham alisema. "Tafadhali mwambie ainuke."

Zebedayo alichomoa waya. Chumba kikawa giza. Nikodemo akarudi ndani, akauviringisha mkanda kwa kupapasa, akautia kwenye kopo, akaandika karatasi kama alivyoandika nyingine, kwa maana bila karatasi kopo lisingepokelewa. Alipakia masanduku yeye mwenyewe. Lori lilipopanda barabara ya Mbeya alisimama mpaka vumbi likatua.

Tupokigwe alikataa kulala. Alikula viazi viwili, akafunga kitambaa chake kichwani. Nikodemo alimsindikiza hadi njia ya Ileje inapoachana na barabara kuu, akitembea hatua kumi nyuma yake kama inavyompasa mkwe.

Hapo mama akasimama, bila kugeuka.

"Wataniuliza kule nyumbani," alisema. "Nitawaambia nimemwona, ana afya, amebeba maji. Watataka kujua alisema nini."

Nikodemo alifungua mdomo. Alijaribu kuirudisha siku ile: wanawake, madebe, Bwana Pelham akipiga kelele juu ya jua. Mdomo wa Tusekile ulifunguka, ukafungwa, na hakikutoka kitu.

"Sijui, mama."

"Haya," alisema Tupokigwe, akaanza kupanda.