Kiti Kilichokuwemo Mchoroni

Familia ninayoipikia ilipohamia Lusail, mji mpya kando ya Doha, niliona jiko jipya nikamnunia Madamu siku mbili. Jiko gani hili, ukigeuka unagusa kila ukuta! Na katikati wameweka kiti cha kuzunguka. Nikajua ni cha wenyewe, nikakitoa nikakiweka roshani. Mpishi kazi yake kusimama. Jiko la zamani lilikuwa kama uwanja wa mpira, na magoti yangu yaliishia humo.

Munira, bintiye Madamu anayesomea usanifu wa majengo, akakirudisha. Akasema jiko amelichora yeye, akiiga la Ujerumani, lililobuniwa na mwanamke mmoja baina ya vita vikuu viwili vya dunia. Mwanamke huyo alizichunguza hatua za mpishi, akazipunguza.

"Haya, na kiti?" nikamuuliza kwa ukali.

"Kilikuwemo kwenye jiko lake tangu mwanzo, Bi Warda. Ni cha anayepika."

Nikasubiri acheke. Hakucheka.

Nikakaa. Nikanyoosha mkono: kisu hiki hapa, sinki hili hapa. Miaka tisa Doha, ndiyo kwanza nakata vitunguu nimekaa. Madamu akaja kutaka chai. Nikamtengenezea bila kuinuka.