Moshi wa Jumamosi Ile

Mlango wa shemeji yangu Peigi haukufungwa kwa miaka kumi na miwili. Upepo wa hapa kisiwani Islay hauna adabu, unang'oa hata bati, lakini yeye aliuacha mlango wazi kiasi cha mkono kupita. Aliuzuia kwa kipande cha mboji, ule udongo mweusi wa kinamasi tunaoukata kama matofali na kuukausha upate kuwaka. Kipande kile alikikata mume wake, kaka yangu Torcuil. Mlango ulikuwa unamngoja yeye.

Torcuil alikuwa mtu wa tanuri katika kiwanda chetu cha wiski. Aliwasha mboji chini ya sakafu yenye matundu, moshi upande taratibu na kuikausha shayiri iliyochipua. Asubuhi ya Jumamosi moja, mwezi wa Juni, aligombana na Peigi kwa jambo dogo la nyumbani. Peigi akamwambia, "Basi nenda! Meli ipo gatini." Akatoka, hakurudi. Jirani mmoja akasema amemwona kwenye meli ile, amevaa koti la njano, kofia imeshuka usoni. Siku ya mvua nusu ya kisiwa huvaa koti la njano, lakini hilo hatukulifikiria. Tuliamini amekwenda bara. Hatukumtafuta.

Kwa kuwa hapakuwa na maiti, hapakuwa na maziko. Kwetu mtu huagwa kaburini kwa kikombe kidogo cha wiski kinachopita mkono kwa mkono, na hata asiyekunywa hugusisha midomo. Torcuil hakupata kikombe chake. Watu walipomtaja walishusha sauti, kama anavyotajwa mtoro.

Mimi ni mtu wa ghala. Vuli iliyopita meneja alitaka mapipa ya zamani yaonjwe kabla ya kuchanganywa. Nyuma kabisa, kwenye ukuta wa upande wa bahari ambako mawe hutoka jasho la chumvi, nilikuta pipa moja lenye alama ya chaki ya shayiri ya Jumamosi ile. Mapipa mengine ya siku hiyo yalikwishatoka zamani. Nikasita, maana mwonjaji wetu ni Peigi.

"Mbona umesimama kama kondoo kwenye mvua, Ruari?" akaniuliza. "Lete mrija."

Nikang'oa kizibo, nikachovya mrija wa shaba, nikammiminia kwenye glasi. Hector, mzee anayesimamia tanuri siku hizi, alikuwa amekaa juu ya kreti akinywa chai yake.

"Mnuse polepole, mama," akasema. "Huyo mkongwe, anaweza kukung'ata."

"Wewe mkongwe kumshinda, na hata mkate unakushinda kung'ata."

Hector akacheka mpaka chai ikamwagika. Peigi aliifumbata glasi kiganjani ipate joto, akavuta pumzi, akaanza kutaja kwa sauti yake ya kazini. "Lami ya mashua. Mwani uliolala juani. Dawa ya kidonda, ile ya kahawia. Samaki wa kubanikwa." Kisha akatia tone la maji. Wiski ya moshi hujikunja kama ngumi, na maji ndiyo huikunjua. Akanusa tena. Sauti ya kazini ikampotea.

"Nani ametia mhadasi humu?"

Mhadasi wa kinamasi ni kichaka kifupi chenye majani ya harufu tamu na kali. Wanawake huyaweka kwenye nguo kufukuza nondo. Torcuil alikuwa na desturi yake: moto ukizeeka, karibu na alfajiri, alitupa konzi moja ya majani hayo juu ya makaa. Meneja alimkataza, naye akaendelea. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo, kabla yake wala baada yake.

Nikachukua glasi, nikaonja. Kwanza moshi, mzito. Kisha utamu kidogo, kama uji wa shayiri. Nikameza, nikadhani imekwisha, ndipo mhadasi ukapanda kutoka kooni, na nyuma yake harufu ya sufu iliyolowa, kama mtu ametoka mvuani akaja kusimama nyuma yako. Niligeuka. Mapipa tu.

"Shayiri ya siku gani hii?" Peigi akauliza.

Nikamwambia.

"Jumamosi hiyo walisema yuko kwenye meli tangu asubuhi," akasema taratibu. "Na tanuri huwashwa jioni. Hector, si wewe uliyewekwa badala yake? Si wewe uliyewasha?"

Hector aliweka kikombe chini.

"Sikuwasha, mama. Nilikuwa nimekunywa, nikachelewa. Nilipofika moto ulikuwa unawaka, mboji zimesimamishwa wima, vile alivyozoea yeye. Mlango wa nje uko wazi, na ndani hakuna mtu. Nikadhani kuna rafiki amenisitiri. Meneja aliponisifu, nikanyamaza."

"Na mhadasi?"

"Nilikaa palepale mpaka asubuhi. Hakuingia mtu."

"Ulisinzia."

"Nilisinzia, ndiyo." Akajifuta mdomo. "Nilipoamka sakafu ilikuwa imelowa. Nyayo, mama, kutoka mlangoni mpaka kwenye moto. Za kurudi sikuziona. Nikajiambia ni mvua."

Nilidhani Peigi atamfokea. Hakumfokea. Alishika ukingo wa pipa kwa mikono miwili.

"Kumbe alikwenda kazini," akasema. "Miaka yote hii najua nimemfukuza, kumbe alikwenda kazini tu."

Mhadasi mzuri unaota mahali pamoja, ukingoni mwa kinamasi cha pwani, ng'ambo ya dimbwi la kijani ambalo kila mwaka hutumezea kondoo. Sote watatu tulipajua. Huko ndiko Torcuil alikokwenda kuchuma kila moto wake ukishashika.

Kesho yake mchana, kwenye manyunyu, tulikwenda. Hector aliomba kufuatana nasi, na Peigi akamjibu, "Njoo, mzee. Wewe ndiye uliyekesha naye."

Dimbwi lilikuwa limetulia, limefunikwa majani laini kama malisho. Mtu mwenye haraka angelikanyaga bila kufikiri. Peigi alijaza kikombe kutoka chupa niliyoijaza kwenye lile pipa, akamimina cha kwanza juu ya majani. Wiski ilizama bila kuacha hata alama. Kisha akanywa, akanipa, nikampa Hector, naye akavua kofia.

"Haya, Torcuil," Peigi akasema. "Sikumaanisha."

Upepo ulikuwa unatoka baharini, na upande huo hakuna nyumba wala moto. Hata hivyo moshi ulitupitia, mara moja, karibu kabisa na nyuso zetu. Hector alinitazama. Tukarudi, Peigi katikati, mkono mmoja ameshika kikombe, mwingine ameshika mkono wangu.

Jioni nilipita kwake. Mlango ulikuwa umefungwa, na kile kipande cha mboji hakikuwapo kizingitini. Juu ya paa, moshi wa bluu ulikuwa unapanda. Nikasimama barabarani nikaunusa, kwa mazoea ya kazi. Mboji kavu, ya zamani. Chumvi kidogo. Halafu, nyuma ya vyote hivyo, mhadasi.

Kutoka kinamasini hatukuchuma hata jani.