Trekta Linalovuta Pumzi

Mume wa dada yangu ni mtu wa kuandika. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na nne, akastaafu, lakini daftari halikustaafu. Ana daftari la kuku, ana daftari la mvua, na trekta nalo lina lake, lenye safu tatu zilizochorwa kwa rula: Tarehe, Saa, Ugonjwa. Ugonjwa, kama vile mashine inashikwa na homa. Trekta lenyewe analifuta kwa kitambaa mpaka kwenye matairi, na usiku analifunika shuka. Mimi watu wa namna hiyo wananichefua. Nimekuwa fundi wa dizeli tangu sijaota ndevu, na sijawahi kuona injini iliyopona kwa mwandiko mzuri.

Aliniita Jumatatu. Dada alikuwa na ekari nne za kulima na siku chache tu za kuzilima. Udongo wa shamba lile ni mweusi, mzito. Mvua ya kwanza huulainisha, ya pili huugeuza uji. Ya kwanza ilikuwa imeshanyesha. Trekta likiingia baada ya hiyo ya pili linazama mpaka tumboni, na msimu ndiyo umekwenda hivyo.

"Shemeji, linazimika kila baada ya robo saa," Mwalimu alisema, daftari mkononi. "Nikishuka nikafungua kifuniko cha tangi niangalie mafuta, linafanya fyuu. Linavuta pumzi. Nikifunga, nikipampu kidogo kwa mkono, linawaka tena."

"Linavuta pumzi."

"Ndiyo. Nimeandika mara tano, na saa zake."

"Basi hili si la fundi, shemeji. Mpelekee daktari wa kifua."

Nilicheka peke yangu. Dada alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, mikono kiunoni, na hakuona cha kuchekesha. Mwalimu alitabasamu vile anavyotabasamu kwa mtoto aliyekosea hesabu, akafunga daftari. Tabasamu lile linanikera kuliko matusi.

Nikaanza kazi. Filta ilikuwa safi. Mabomba yalikuwa mazima, hayana ufa. Mtu mwenye akili angesimama hapo akafikiri, lakini mimi nilikuwa na hasira ya kufundishwa kazi na mtu asiyejua kutofautisha nozeli na boriti. Nikasema ni pampu. Nikaifungua ile pampu ndogo inayovuta mafuta kutoka kwenye tangi. Ndani yake kuna utando wa mpira, mwembamba, nao ulikuwa mzima kabisa. Ila ulikuwa umekauka kwa uzee, na nilipoubandua kwa bisibisi ukachanika mikononi mwangu.

"Umeona?" nikamwambia Mwalimu, nikimwonyesha. "Umekufa siku nyingi huu."

Akauchukua, akaugeuza mwangani, akaandika.

Basi nikaanza kutafuta utando, mimi niliyeuchana. Jumanne niliimaliza kwenye mtaa wa maduka ya spea. Duka la kwanza muuzaji alikuwa na kucha ndefu kuliko spana zake. Aliangalia mpira wangu kwa mbali, simu sikioni.

"Trekta hilo lilitoka mama yangu hajaolewa," akasema.

"Sijauliza habari za mama yako. Una utando au huna?"

Hakuwa nao. Duka la pili walikuwa nao, kwenye boksi linalong'aa limeandikwa ni orijino mara tatu, na kitu kikiapa mara tatu ujue ni feki. Niliukunja kidogo ukabaki umekunjika kama karatasi. Duka la tatu walinipa wa lori, wakanishauri niukate kwa mkasi. Mafundi wa siku hizi ndivyo walivyo, mkasi na gundi, halafu wanajiita wataalamu. Nilirudi jioni mikono mitupu, nikiwa nimemdharau kila mtu kuanzia stendi mpaka sokoni.

Jumatano nilikwenda kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Mama mwenye uwanja alinionyesha trekta la aina ile ile, limelala ubavu nyuma ya mabati, kuku wametaga kwenye kiti.

"Kama pampu ipo, fungua mwenyewe," akasema. "Mgongo wangu hauinami."

Ilinichukua mpaka alasiri. Nati zilikuwa zimeshikana kwa kutu, nikachubuka vidole vyote vya mkono wa kulia, lakini pampu ikatoka, na utando wake ulikuwa mlaini. Nilirudi na kifua mbele. Mwalimu alinipokea kwa maji ya kunawa na sabuni, akanishukuru kana kwamba nimemtoa mtu mahakamani. Nikamdharau kwa hilo pia.

Alhamisi asubuhi nilifunga pampu, nikatoa upepo kwenye mabomba mpaka dizeli ikaja bila povu. Likawaka kwa mara moja. Upande wa milimani kulikuwa kweusi. Dada aliangalia mawingu, akaniangalia mimi.

"Mdogo wangu, litalima?"

"Litalima mpaka ulichoke."

Mwalimu akapanda, akaingia shambani. Lilikwenda mfuo wa kwanza, wa pili, wa tatu, jembe likigeuza udongo vizuri kabisa. Nilikuwa tayari nimeegemea mti wa uzio nikijisifu. Katikati ya mfuo wa nne likakohoa, likapunguza sauti, likazimika.

Tulikimbia wote wawili, mimi na dada. Tulipofika, Mwalimu alikuwa ameshashuka na mkono wake uko kwenye kifuniko cha tangi. Akakizungusha.

Fyuu.

Niliisikia kwa masikio yangu. Tangi lilikuwa linanyonya hewa kama mtoto aliyebanwa pua. Kifuniko kina tundu dogo juu yake, la kuingiza hewa mafuta yanapopungua. Likizibwa, mafuta hayashuki, na injini inakufa kwa kiu tangi likiwa limejaa. Kitu hiki anakijua mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nilimnyang'anya kifuniko nikakigeuza. Tundu lilikuwa limejazwa sabuni ya mche, imekauka ikawa jiwe.

"Nani mpumbavu ameziba hapa?"

Mwalimu alitoa daftari. Alirudisha kurasa taratibu, akampa dada, kwa sababu miwani yake ilikuwa imejaa vumbi. Dada akasoma kwa sauti, neno kwa neno, tarehe ya mwaka jana baada ya mavuno: Fundi amekuta nyigu wamejenga ndani ya tangi tupu. Amesema, ziba kila tundu, tumia sabuni ya mche, nikikuta tena takataka humu sirudi.

Nilikumbuka. Nilikuwa nimesema vile huku naondoka, bila hata kugeuka, vile mtu anavyomfukuza mbwa. Na tangu siku ile trekta lilikuwa limelala bandani mpaka msimu huu wa kulima.

Nilitoboa sabuni kwa waya. Sekunde tano, labda sita. Trekta likawaka, likalima bila kukohoa hata mara moja, na tulikuwa kwenye ekari ya pili mvua ilipofika. Haikuanza kwa manyunyu. Mwalimu alilitoa shambani likiteleza, na nusu ya shamba la dada ikabaki na nyasi zake.

Tulijibanza bandani. Dada alikuwa anatazama nje.

"Alikwambia Jumatatu," alisema.

Mwalimu alifuta daftari kwa ncha ya shati, akafungua ukurasa, akatoa kalamu.

"Shemeji, ugonjwa niandike nini?"

"Andika fundi," nikasema.

Aliniangalia kidogo. Akainama, akaandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, akapiga mstari kwa rula. Nilichungulia juu ya bega lake. Alikuwa ameandika: Sabuni.