Zamu za Joka wa Ruvuma

Jumamosi mchana, Mwalimu Winfrida alikuwa akianika korosho za mchezo kwenye ungo, barazani kwake Newala, joka alipopiga hodi. Korosho zilikuwa ishirini, kila moja na namba yake kwa wino, maana dadu ya pande ishirini aliyoiacha mwalimu wa kujitolea pamoja na kitabu cha mchezo, mchezo wa kuigiza mashujaa wa kubuni wanaopigana na maadui, ilishapotea. Mchezaji alitia mkono kofiani, akatoa korosho, na namba iliyotoka ndiyo iliyoamua kama upanga wa shujaa wake umeingia au umepita pembeni.

"Karibu. Shikamoo," alisema Winfrida, kwa kuwa joka alimzidi umri kwa mbali.

"Marahaba, Mama Mabel." Joka alikunja mbawa asije akaangusha kamba ya nguo, akajikalisha uani. Ubavuni alikuwa na majeraha ya Jumamosi iliyopita. "Nimekuja kulalamika. Mimi nakufa kabla ya zamu yangu."

Ilikuwa kweli, na ilimuuma Winfrida. Kwa miaka sita watu watatu walikuja kwake kila Jumamosi: Awadhi fundi cherehani, Veridiana muuguzi, na Filemoni mpiga kinanda wa kanisani. Walianza na mashujaa wa kuokoteza, wanaokimbia hata panya. Sasa mashujaa wale walikuwa ngazi ya ishirini, ya juu kabisa, na kila adui aliyeletwa na Winfrida, joka akiwemo, alilala chini kabla chai haijapoa, wakabaki wanatazamana. Filemoni alishasema waziwazi kwamba Jumamosi hii ikiwa vilevile, yeye basi tena. Na Winfrida, aliyeshinda wiki nzima akifundisha hesabu katika darasa lililofurika, alikuwa na mchezo ule tu wa kumfanya aingojee Jumamosi.

"Si nilikuongezea uhai maradufu?" alijitetea.

"Ukaniongezea muda wa kupigwa. Halafu ukaniongezea moto."

Winfrida aligeuzageuza korosho kwenye ungo. Moto ule ulimuua shujaa wa Awadhi kwa pumzi moja, na Awadhi akaondoka bila kugusa chai, hata ikabidi shujaa wake afufuliwe.

"Nipe pambano la haki," alisema joka. "Nikishindwa, sawa, lakini niwe nimepigana. La sivyo sirudi tena."

Winfrida akachukua ndoo akaenda bombani, kwani akili yake ilitulia akiwa kwenye foleni, na Newala foleni haikosekani. Sheria ya bomba lile waliitunga akina mama wenyewe, zamani: foleni ni ya vyombo, si ya watu. Unaacha ndoo yako, unakwenda shamba, ukirudi zamu yako ipo. Sheria nzuri kabisa. Ila tangu biashara iwe ruksa, Bwana Cecil alinunua trekta, na trekta lilikuja kushusha mapipa watu wakiwa bado wamelala. Kila pipa ni chombo, na kila chombo kina zamu. Cecil mwenyewe hana misuli, mtoto wa darasa la tatu angemwangusha. Lakini akina mama walikuwa na zamu moja moja, yeye anazo msururu, na jioni akawauzia maji yaleyale.

Winfrida aliyatazama mapipa, hasira ikampanda kama ilivyokuwa kila siku. Kisha hasira ikageuka hesabu. Nguvu za joka zilitosha. Tatizo lake alikuwa mmoja, mwenye zamu moja dhidi ya watu watatu.

Akaacha ndoo ishike zamu, akarudi mbio.

Alasiri, wachezaji walipoketi, alitangaza: kichwa cha joka kina zamu yake, mkia una zamu yake, mbawa nazo zamu yake, na kila pigo ni la kadiri, lisiloua mtu kwa mkupuo. Joka alisikiliza uani, kidevu amekiegemeza kwenye kinu.

Siku hiyo walipigana jamani. Veridiana alikifunga kichwa kwa uganga, mkia ukamfagia Filemoni. Filemoni akainuka, mbawa zikamrudisha chini. Chai ilipoa, ikaingia inzi, hakuna aliyeikumbuka. Mwisho shujaa wa Awadhi alibakiwa na uhai wa pigo moja, na joka vivyo hivyo. Awadhi akatia mkono kofiani, akatoa korosho ya ishirini.

Veridiana alipiga kigelegele mpaka majirani wakaitikia bila kujua wanaitikia nini. Awadhi alilia, wala hakujificha. Uani joka alianguka kwa kishindo, akafa vizuri, meno yote nje kwa furaha. Filemoni aliuliza kama Jumamosi ijayo waje mapema. Winfrida alijisikia mkubwa kuliko siku aliyopewa cheti cha ualimu.

Asubuhi joka alikuwa bombani, hai tena kama kila wiki, kafungwa bandeji na Veridiana, na ndoo ya plastiki mdomoni. Akina mama walimpa hongera, maana habari zilishaenea. Ndoo ya Winfrida ilikuwa palepale alipoiacha jana, nyuma ya mapipa.

Joka alitua yake nyuma ya hiyo. "Huyu wa mapipa, nani kampa zamu zote hizi?"

"Sheria yetu."

"Na huwezi kuisawazisha?"

Winfrida alikuwa ametoka kwa mwenyekiti wa bomba muda uleule, bado ana joto la ushindi, kumwomba kila mtu awe na zamu moja, aje na ndoo au aje na mapipa. Mwenyekiti alimsikiliza vizuri, akamsifu sana kwa pambano, kisha akamwambia sheria ni sheria, Mama Mabel. Mwenyekiti huyo alikuwa ameketi juu ya pipa mojawapo la Cecil.

Joka aliyatazama mapipa. Angeweza kuyayeyusha yote kwa pumzi moja.

"Si zamu yangu," alisema, akajikunja nyuma ya ndoo yake.

Basi akina mama wakamwomba awasimulie pambano tangu mwanzo, pigo kwa pigo, naye akasimulia, wakacheka mpaka wakashika mbavu, na bomba likakauka likiwa bado linajaza pipa la Cecil.