Gayogayo Aliyenenepeshwa

Kila mwaka, wiki ya kwanza au ya pili ya Mei, bahari yetu inaoza. Wageni hawajui, maana kwenye kadi za posta haiwekwi. Maji yanageuka rangi ya chai iliyolala, povu la kahawia linagandia ukuta wa bandari, na harufu ni ya kabichi iliyosahauliwa sufuriani. Ukitupa mshipi ukauvuta, unarudi umevaa makamasi mwanzo mpaka mwisho, na inabidi uukamue kwa vidole. Samaki wenye akili wanakwenda zao mbali. Wanaobaki ni kaa, wanaomaliza chambo kabla chubwi ya kuzamishia mshipi haijatulia chini. Tunauita uozo wa Mei. Tunaegesha fimbo zetu za kuvulia nyuma ya mlango na kukaa nyumbani mpaka upite.

Shemeji yangu Clive hakai nyumbani. Clive Theaker ni mdogo wa marehemu mume wangu, Ralph, na ndiye mwenye duka la chambo pale ukuta unapoanzia. Mimi namfanyia kazi asubuhi, nabambua kaa na kufunga minyoo kwenye magazeti. Kila Alhamisi jioni Clive anaandika taarifa ya uvuvi, anaibandika dirishani na kuiweka mtandaoni, na watu wa bara wanaiamini kama cheti cha daktari. Maji yakoje, upepo unatoka wapi, nani kapata nini ukutani. Tangu nianze kazi pale sijaona taarifa ya Clive iliyosema hakuna kitu. Nilijua ni mwongo. Nilikunja minyoo yangu nikanyamaza, na hilo nalo linanitia kinyaa nikilikumbuka.

Jumamosi hiyo niliingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida, sikupita mbele ya dirisha. Mzee mmoja alinunua kaa laini wa chambo, akasahau kifurushi chake juu ya meza. Nikakichukua nikamfuata ukutani. Upepo ulikuwa wa mashariki, ule unaotafuta tundu la sweta lako na kuingia. Wavuvi walikuwa kama kumi na mbili, wote wageni, wote wanakamua ute.

Mzee wangu nilimkuta mwishoni, karibu na taa. Alikuwa amefunika benchi kwa gazeti, akapanga juu yake ndoana zake kwa ukubwa, chupa ya chai, na mfuko safi wa plastiki wa kubebea samaki. Ule mfuko ndio ulioniuma.

"Mzee, umeacha kaa wako."

"Oo, ahsante dada. Kichwa hiki! Mke wangu anasema siku moja nitakisahau nacho." Akanionyesha mshipi. "Hebu niambie, hii takataka gani? Kila nikivuta naleta uji."

"Ni uozo. Umetoka wapi?"

"Barnsley. Basi la alfajiri, halafu jingine. Naitwa Gomersall. Miaka sitini na nane sijawahi kumpata gayogayo, yule samaki bapa mwenye madoa ya rangi ya chungwa. Mke wangu ameshatoa kikaango kabatini, anakitazama tu."

"Kirudishe kabatini, mzee. Hapa hakuna gayogayo leo."

"Ah, dada, usinikatishe tamaa. Jumanne wametoka!" Akavua glovu kwa meno na kutoa simu mfukoni. "Tazama mwenyewe. Ukuta huu huu. Taa hii hii."

Nikatazama. Kilikuwa kiwiliwili cha mtu, kichwa kimekatwa na ukingo wa picha, ameshika gayogayo kwa mikono miwili. Samaki mnene kweli, mgongo umejaa, madoa yanawaka. Chini yake maneno ya Clive: *Maji safi. Gayogayo wananona. Huyu katoka Jumanne asubuhi, kwa kaa laini.*

Nilitaka kucheka, maana gayogayo wa majira haya ametoka kutaga, ni ngozi na miiba. Ndipo nikaona mkono wa sweta. Ulikuwa wa kijani, na inchi mbili za mwisho ni bluu.

Sweta lile nililifuma mimi. Uzi wa kijani uliniishia kwenye mkono wa kushoto, duka limefungwa, nikamalizia na bluu. Ralph alilivaa hivyo hivyo miaka tisa, akiulizwa anasema mkewe ni msanii. Picha ile niliipiga mimi pia, chini ya taa ile, Aprili ya mwaka juzi, wiki sita kabla hajafa. Ugonjwa ulikuwa umemla mpaka sweta linamning'inia. Alimwinua yule samaki dhidi ya jua, tukaona mwanga ukimpenya mwilini, akasema, "Tazama Enid, huyu na mimi tumeshonwa na fundi mmoja." Kisha akamweka ndooni na kumshusha kwa kamba taratibu mpaka majini, futi ishirini, maana ukimtupa kutoka juu unamuua. Hakuwahi kula samaki wa kabla ya Juni, wala hakutaka mtu amle.

Clive alikuwa ameivuta ile picha kwa pembeni ili samaki anenepe. Na alipomnenepesha samaki, mikono ya Ralph ikanenepa naye.

"Dada, umeona? Huyo ni kilo mbili huyo," alisema mzee Gomersall.

"Huyo ni mume wangu," nikasema, nikaondoka.

Dukani kulikuwa na wateja watatu. Clive alikuwa anawaelekeza juu ya kaa laini, uso mwekundu, mchangamfu, anapiga watu mabega.

"Clive, ile picha."

"Shemeji, subiri kidogo, nahudumia."

"Sisubiri. Umemkata kaka yako kichwa ukamweka dirishani kuuzia kaa."

Wateja wakageuka. Clive akacheka kile kicheko cha biashara. "Jamani, msimjali, shemeji yangu huyu ana ulimi. Enid, njoo stoo tuongee."

"Ongea hapa hapa. Jumanne asubuhi, nani alivua ukutani? Maiti?"

"Punguza sauti basi! Ni picha tu. Ralph angecheka. Alipenda duka hili."

"Angekutapikia. Na kwa nini umemvuta hivyo?"

Hapo akashusha sauti, na akaongea kwa upole, na upole ule ndio mchafu kuliko yote. "Shemeji, ile ya kweli haifai. Alikuwa amekonda mno. Mtu akiona mikono ile, atanunua chambo kweli?"

  Nilikuwa nimeokota mkasi wa kukatia kaa mezani, na nadhani alidhani nitamchoma, kwa sababu alirudi nyuma mpaka kwenye rafu ya chubwi na zikaporomoka zote.

Nilimpita. Nikabandua taarifa yake dirishani, nikachukua karatasi nyeupe mezani, nikaandika kwa kalamu nene: *Maji yameoza. Hakuna samaki mpaka Juni. Picha iliyokuwa hapa ni ya Ralph Theaker, mwaka juzi. Yeye alikufa, samaki alirudishwa baharini. Nendeni nyumbani.* Nikaibandika. Wateja walitoka nje wakaisoma kupitia kioo, wa kwanza akaingia tena kurudisha kifurushi chake mezani, na wengine wakafuata.

"Umeniua," Clive akasema. "Msimu mzima umeniua. Usirudi hapa Jumatatu."

"Bambua kaa wako mwenyewe," nikamwambia, nikavua aproni. Kisha nikakumbuka ni yangu, nikaivaa tena.

Nje, kwenye ndoo ya mabaki, nilitaka kuichanachana ile taarifa niliyoibandua, pamoja na picha yake. Maganda ya kaa yalikuwa yanachemka nzi. Nikaiangalia picha kwa mara ya mwisho, na ndipo nikaona kitu ambacho kwenye simu ya mzee sikukiona. Mikono ile ilikuwa minene, vifundo vimejaa, kiganja kipana. Ilikuwa mikono ya Ralph ya kabla ya ugonjwa. Ile niliyokuwa nikiitafuta kichwani mwangu tangu tumzike, na kila nikiitafuta inakuja ile mingine, ya hospitali.

Clive hakujua alichofanya. Alikuwa anauza kaa.

Nikakata kwa mkasi kuzunguka vidole. Samaki nikamtia ndooni, na maneno ya Clive, na taa, na bahari. Mikono nayo nilipaswa kuitupa, ni uongo ule ule uliovutwa na mjinga yule yule. Niliipangusa ute kwa aproni nikaiweka mfukoni, na ninayo mpaka leo, na kila nikiitoa kuitazama najionea kinyaa, kisha naitazama tena.