Kromosomu ya Arobaini na Sita

Niliipoteza kromosomu ya mdogo wangu asubuhi ya Jumatano, muda mfupi kabla ya kahawa ya saa tatu na nusu. Nikajikuta nimepiga magoti chini ya meza ya maabara, napapasa sakafu kama mwehu.

Kazi yetu pale mjini Lund, mwaka ule wa sabini na saba, ilikuwa ya mkasi. Seli ya damu inapigwa picha chini ya hadubini, picha inasafishwa iwe kubwa, kisha unakata kromosomu moja moja, unazipanga mbili mbili kuanzia ndefu mpaka fupi, unazibandika kwenye kadi. Binadamu anatakiwa awe nazo arobaini na sita, nusu za mama, nusu za baba. Mimi mezani nilikuwa na arobaini na tano. Nilikuwa nimehesabu mara nne.

"Gullan, nani kafungua hilo dirisha?" nikafoka.

"Mimi. Joto." Gullan, mwenzangu wa meza ya pili, alikuwa ameshaanza kumimina kahawa. "Angalia kwenye sweta lako, Barbro. Mwaka jana yangu ilinifuata mpaka nyumbani."

"Sitaki mzaha leo."

"Leo tu?"

Kweli sikutaka mzaha. Sampuli zilikuja kwa namba tu, bila majina, na damu ya ndugu yako huigusi. Hiyo ndiyo sheria. Lakini niliijua namba 311, maana mimi mwenyewe nilimsindikiza mdogo wangu Solvig kutoa damu, nikaona inavyoandikwa. Mimba tatu zilikuwa zimemtoka katika miaka sita. Ijumaa ile alikuwa anakwenda kufunga kizazi. "Nimechoka, Dada," aliniambia. "Wakisema kuna sababu, na kuna mtoto anayeweza kukaa, nitajaribu tena. Bila hivyo nafunga." Na barua ya daktari ingemfikia baada ya wiki mbili! Basi nikaichomoa 311 kwenye foleni, nikaikata mwenyewe.

Kahawa sikunywa. Nilikung'uta sweta, nikamwaga pipa la taka, nikabandua kadi nzima. Wenzangu walinikodolea macho, maana kwetu kukosa kahawa ya saa tatu na nusu ni kama kuja kazini bila viatu. Gullan akaniletea andazi la mdalasini, akaliweka mbali na gundi.

"Chukua seli nyingine uhesabu," akasema. "Utaichimba sakafu bure."

Nikachukua nyingine. Arobaini na tano. Ya tatu, arobaini na tano. Hapo nikaketi. Hakuna kilichopeperuka. Kromosomu moja ya jozi ya kumi na tatu na moja ya jozi ya kumi na nne zilikuwa zimeungana, zimekuwa kitu kimoja, na kitu chenyewe kilikuwa mbele ya macho yangu asubuhi nzima.

Mwenye hali hiyo ni mzima kabisa, maana hakuna alichopungukiwa. Taabu huanza mwili unapotengeneza yai. Kila jozi hutengana, moja huku, moja kule. Lakini hizo mbili zimeshikamana, moja haiendi bila nyingine. Yai hili linapata sawasawa, lile linapata ziada, jingine linakosa. Likipata isivyo, mimba mara nyingi haikai. Chanzo si wasiwasi. Wala si kazi yake ya kusimama dukani kutwa. Na mimi miaka sita nilikuwa namwambia, "Unahangaika mno, Solvig, pumzika," mimi mwenye watoto watatu wazima. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kisha wazo jingine likanijia, nikasimama tena. Kitu hiki huenda kilitoka kwa mama, au kwa baba, na mimi nimezaliwa na hao hao. Na damu yangu ilikuwepo pale pale: kila mwezi sisi wafanyakazi tulitoa yetu kujaribia dawa mpya za kuoteshea seli. Tulitazama kama zimeota vizuri, basi, kioo chenye seli kinarudi sandukuni. Miaka kumi na moja, hakuna aliyewahi kuhesabu zangu. Nani ahesabu za mtu mzima?

Nikatoa kioo changu, nikatafuta seli moja safi, nikahesabu. Nikarudia. Nikamwita Gullan.

"Hesabu."

Alihesabu kimya, midomo inacheza. "Arobaini na tano," akasema, na safari hii hakutania. "Hii ni ya nani?"

"Yangu."

Saa tisa na nusu nikapiga simu Landskrona, kwa Solvig. Nilimweleza yote bila kuvuta pumzi.

"Yaani mimi na wewe tuko sawa," akasema.

"Sawasawa."

"Na wewe unao watatu."

"Ninao. Ilikuwa bahati tu, kila mara. Unaweza kukosa tena, Solvig, sikudanganyi. Ila unaweza kupata."

"Miaka sita unaniambia nipumzike."

"Nilikukosea, mdogo wangu. Nisamehe."

Nilimsikia akivuta kiti, akifungua droo, akipekua makaratasi.

"Kata simu, Dada," akasema.

"Solvig, tafadhali..."

"Nimesema kata! Nataka kuwapigia hospitali kabla hawajafunga ofisi, niwaambie Ijumaa siendi."