Diodi ya Saba Inavuja

Jumamosi asubuhi fundi redio alizing'oa diodi kumi kwenye amplifaya ya zamani ya marehemu kaka yake, akazipanga juu ya taulo. Kazi ya diodi ni kupitisha umeme upande mmoja na kuuzuia usirudi. Alizipima kwa mita ndogo ya betri, zote zikaonekana nzima. Fundi hakuingia mkenge. Mita ya volti tisa huamini chochote inachoambiwa. Akaleta mashine yake ya volti elfu tatu.

Ya saba ilivuja. Mshale ulipanda kidogo, na kaka yake, aliyefukiwa mgodini na wenzake kumi na wawili miaka sita iliyopita, akasikika akikohoa ndani ya mashine.

"Tuko hai," alisema. "Chimbeni kwa nyuma, karibu na pampu. Mnatusikia?"

Fundi alimwita shemeji yake, mke wa kaka, aliyekuwa akianika nguo. Alikuja na vibanio mkononi, akasikiliza.

"Kifua bado kinamsumbua," alisema. "Mwambie ajifunike."

"Hatatusikia, shem. Inapitisha upande mmoja tu."

Jumatatu walikwenda ofisi ya mgodi. Mhandisi, yule yule aliyeamuru shimo lizibwe kwa zege siku ya tatu baada ya ajali, aliipima diodi kwa kimita chake cha mfukoni.

"Mbona nzima hii?"

Fundi akaunganisha mashine yake. Mhandisi alisikiliza mpaka mwisho, kalamu mdomoni.

"Ndiye. Sauti yake naijua," alikiri. "Lakini ripoti yangu inasema walikufa, na imeshapigwa muhuri. Halafu diodi inayovuja haifai. Badilisheni."

Shemeji alipiga magoti, akalia, akamshika miguu. Mhandisi alimsogezea kiti, akaenda kula. Walirudi mara tatu tena wiki ile. Mlinzi hakuwafungulia geti.

Nyumbani waliendelea kusikiliza, maana hawakuwa na la kufanya. Kila siku diodi ilizidi kuharibika na sauti ikazidi kusogea karibu. Fundi hakumficha shemeji yake: ikifa kabisa itapitisha pande zote mbili, kitambo kidogo tu, kabla fyuzi haijakatika. Shemeji akajaza kurasa nne za daftari. Habari za watoto, msamaha wa ugomvi wa asubuhi ile, na kwamba hajaolewa.

Jumapili adhuhuri mshale uligonga mwisho.

"Mnatusikia?"

"Tunakusikia, baba watoto."

"Mama watoto, ni wewe? Wanachimba?"

Shemeji alimtazama fundi. Fundi alitazama ukuta. Daftari lilikuwa wazi mapajani mwa shemeji, na hakusoma hata mstari mmoja.

"Wanachimba," alisema. "Wamekaribia kabisa."

Wakamsikia akiwageukia wenzake kuwapa habari. Wanaume kumi na watatu wakaokota mawe, wakaanza kugonga mwamba kwa nguvu zao zote, ili wachimbaji wajue pa kupitia. Waligonga mpaka fyuzi ikakatika.